Dhahabu ya Sekenke, shaba ya Salale

Wadau, leo naomba tuzungumzie hela. Siyo hela ya mshahara, maana hiyo tukianza kuijadili tutalia wote hapa. Nazungumzia hela yenyewe, sarafu unayoishika mkononi. Na hasa sarafu moja ya dhahabu yenye picha ya tembo, ambayo imemtia hasara ndugu yangu wa damu na mimi imeninyima usingizi wiki mbili sasa.

Nina kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, anaishi Nyamisati, kata ya Salale, wilaya ya Kibiti. Kwa wale ambao hawajawahi kufika: unatoka Dar unashika barabara ya Kilwa, ukifika Bungu unakata kushoto kuelekea baharini, unakula vumbi mpaka uone mikoko. Ndiyo mlango wa delta ya Rufiji. Kule mtu bila chombo cha majini ni sawa na mtu bila miguu. Kaka yangu alikuwa na boti yenye mashine. Alikuwa anavua kamba, na siku ambazo kamba hakuna anavusha abiria na mizigo. Alikuwa anaishi vizuri tu, kuliko mimi wa Sinza ninayejifanya msomi.

Mwezi uliopita wakaja vijana wawili kutoka mjini. Wametulia, wana kioo cha kukuzia kama cha fundi saa, na simu iliyojaa picha. Wakamwonyesha sarafu. Upande mmoja tembo ameinua mkonga, nyuma yake milima, chini mwaka 1916. Upande wa pili ndege wa Kijerumani. Wakamwambia hii ni dhahabu ya Mjerumani, imetoka hapa hapa kwenu Salale, kwenye ile manowari iliyozama. Wakamfungulia simu, akaona picha ya sarafu ile ile mnadani Ulaya, na bei yake kwa maelfu ya dola. Wakasema wao wana shida ya haraka, wanaiacha kwa milioni mbili na laki nne. Kuna Mzungu Dar atainunua kwa milioni thelathini.

Kaka yangu akauza mashine ya boti.

Kisha akanipigia mimi. "Dogo, wewe si mwandishi wa habari? Si unajuana na Wazungu?"

Alifika Dar na ile sarafu ameifunga kwenye pindo la kitambaa, ameitia mfuko wa ndani wa shati, na juu kavaa koti katika joto la Mbagala. Nikampeleka Kariakoo kwa sonara mmoja mtu mzima ambaye familia yetu inamfahamu. Tukaamkia, shikamoo mzee, tukakaa. Mzee akaiweka kwenye mizani. Gramu nne na ushei. Hakuhangaika hata kuisugua kwenye jiwe. Akasema, "Wanangu, hii ni shaba."

Kaka yangu alikaa kimya muda mrefu. Halafu akauliza swali moja tu: "Hakuna dhahabu hata kidogo, mzee?"

Hilo swali ndilo lililonifanya niandike leo.

Sasa, mwandishi wa kawaida angeishia hapo, angesema "vijana acheni tamaa" na kufunga mjadala. Mimi nilifanya hivyo kwanza, nikamfokea kwa simu alipokwisha kurudi. Lakini baadaye nikakaa nikajiuliza: wale matapeli walijua nini ambacho kaka yangu hakukijua? Nikaanza kusoma. Na nilichokuta kimenitia aibu, kwa sababu karibu kila walichomwambia kilikuwa na ukweli ndani yake. Sarafu ya tembo ipo. Mwaka ni 1916 kweli. Dhahabu ni ya kwetu kweli. Bei ya mnadani ni kweli. Na Salale imo kwenye hadithi hiyo, isipokuwa siyo kwa namna waliyoisema. Uongo wao ulikuwa mdogo, ukweli ndio ulikuwa mkubwa. Ila ukweli wenyewe waliubeba wao, sisi tulikuwa hatuna.

Haya, tuanze mwanzo.

Tunapotamka "hela" tunaongea Kijerumani bila kujua. Neno limetokana na Heller, jina la sarafu ndogo ya zamani ya Ujerumani ambayo nayo ilichukua jina la mji wa Hall. Mwanzoni Mjerumani alipokuja hapa alitumia rupia na pesa, kwa mfano wa fedha za Kihindi zilizokuwa zimezoeleka pwani: pesa 64 kwa rupia moja. Kuanzia 1904 akabadilisha, rupia moja ikawa heller 100. Wazee wetu wakalilainisha jina, likawa hela. Mjerumani aliondoka, hela ikabaki mdomoni.

Na rupia haikuja kwa upole. Kuanzia 1898 ilikuwepo kodi ya kibanda. Ukikosa fedha unatoa jasho lako, unakwenda kulima au kutengeneza barabara. Mwaka 1905 watu wa Matumbi na Rufiji walisema basi, vita vya Majimaji vikaanza huku huku kusini kwetu, kwa imani iliyotoka Ngarambe kwa Kinjikitile Ngwale. Sitaki kurudia somo la darasa la sita. Nataka tu ukumbuke kwamba ile sarafu ya fedha yenye kichwa cha Kaisari Wilhelm II, ambayo leo watu wanaichimba usiku kwa tochi, ndiyo iliyowatoa babu zetu vibandani.

Mwaka huo huo wa 1905, kule Ujerumani, iliteremshwa majini manowari mpya iliyoitwa Königsberg. Miaka tisa baadaye, Juni 1914, ikatia nanga Dar es Salaam. Siku chache kabla ya Vita Kuu kuanza Agosti, ikatoka. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 ikaingia Zanzibar ikaikuta manowari ya Uingereza, Pegasus, imesimama inatengenezwa mitambo. Ikaipiga ikazama. Ukienda kisiwa cha Chapwani mbele ya Mji Mkongwe utakuta makaburi ya mabaharia wake.

Lakini Königsberg nayo ilikuwa mgonjwa. Mitambo ilikuwa inakorofisha, makaa ya mawe yamepungua. Nahodha wake, Max Looff, akatafuta mahali pa kujificha. Hakwenda mbali. Akaingia delta ya Rufiji, akaiweka meli yake Salale.

Fikiria hapo. Meli ya chuma yenye urefu wa zaidi ya mita 110, imeingia kwenye mikono ya mto katikati ya mikoko. Wakafunga matawi ya mikoko kwenye milingoti ili kwa mbali ionekane miti tu. Halafu vipande vya mitambo vikang'olewa, vikapelekwa kwa nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam kutengenezwa, kisha vikarudishwa. Lori hakuna, barabara ya Kilwa ya lami hakuna. Vilibebwa na kuvutwa na nani? Hapo ndipo vitabu vingi vya Wazungu vinaandika neno moja tu, "wapagazi", halafu vinaendelea na habari za nahodha.

Mwishoni mwa Oktoba 1914 Waingereza wakaigundua. Novemba wakazamisha meli ya makaa, Newbridge, ili kuziba mlango mmoja wa mto. Wakaleta ndege, wakati ambapo ndege zenyewe bado zilikuwa kitu kigeni hata kwao. Januari 1915 wakaiteka Mafia ili wawe karibu. Lakini delta ina milango mingi, na meli kubwa za Waingereza zilikuwa zinakwama kwenye kina kifupi. Königsberg ikasogea ndani zaidi. Ikakaa miezi.

Hapa kuna kisa kimoja lazima nikieleze, maana kinafurahisha. Wajerumani waliamua kuipelekea makaa. Wakachukua meli ya Kiingereza iliyoshikwa Hamburg vita vilipoanza, Rubens, wakaibadilisha jina na kuiita Kronborg, jina la ngome maarufu ya wafalme wa Denmark, ile ambayo Shakespeare aliweka humo mchezo wake wa Hamlet. Wakapandisha bendera ya Denmark, nchi isiyokuwa vitani. Mabaharia wakachaguliwa wanaojua Kidenishi, maana Wajerumani walikuwa na watu wa Schleswig ya kaskazini waliojua lugha hiyo. Wakazunguka Afrika nzima kama Wadenishi wa bandia. Aprili 1915 wakafika kaskazini ya Tanga, wakakimbilia ghuba ya Manza, na manowari ya Waingereza ikawakuta na kuipiga meli. Shehena nyingi ya silaha iliokolewa baadaye. Makaa hayakufika Rufiji.

Kwa hiyo mambo ya bandia katika hadithi hii hayakuanza na wale vijana wa simu. Vita yenyewe ilikuwa na Wadenishi wa bandia!

Tarehe 6 na 11 Julai 1915, meli mbili za Uingereza zenye kina kifupi, Severn na Mersey, ziliingia mtoni huku ndege zikizielekeza juu. Tarehe 11 Königsberg ikapigwa sana, na Looff akaamuru ilipuliwe na wenyewe, ikakaa kwenye tope la Rufiji.

Lakini mizinga yake haikufa. Yote kumi ilitolewa majini na kukokotwa nchi kavu hadi Dar es Salaam, ikatumika katika vita ya bara chini ya Lettow-Vorbeck. Ilikokotwa na nani? Unajua jibu. Leo mmoja upo Fort Jesus, Mombasa. Mwingine upo Pretoria. Mwingine upo Jinja, Uganda. Sisi tuliokokota hatuna hata mmoja uwanjani pale Salale wa mtoto kuukalia.

Na maganda ya makombora? Hapa ndipo tunarudi kwenye hela.

Kwa kuwa Waingereza walikuwa wameziba bahari, sarafu hazikuja tena kutoka Ujerumani. Serikali ya koloni ikachapa noti za haraka haraka, lakini watu wa kijijini si wajinga. Karatasi ya mtu anayeshindwa vita utaifanyia nini? Walitaka chuma. Basi mwaka 1916, Tabora, ambako reli ilikuwa imefika 1912, mashine za reli zikageuzwa kuwa kiwanda cha hela. Zikapigwa sarafu za heller 5 na heller 20, za shaba ya njano na nyingine za shaba nyekundu. Na inasimuliwa mara nyingi kwamba sehemu ya shaba hiyo ilikuwa maganda ya makombora ya Königsberg. Yaani shaba iliyopita Salale.

Kisha wakapiga ya dhahabu. Rupia 15, thamani yake sawa na Mark 20. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke, Iramba. Wasafiri wa Mwanza mnaujua mlima Sekenke, ule ambao dereva akianza kuushuka abiria wote wanakumbuka sala. Muhuri wa kupigia alichonga fundi sonara mmoja wa Kisinhala, mtu wa Ceylon ambayo leo ni Sri Lanka. Uzito gramu 7.168, robo tatu yake dhahabu safi. Idadi iliyopigwa ni 16,198. Nimezidisha kwa kikokotoo: zote kwa pamoja ni kama kilo 87 tu za dhahabu safi. Septemba 1916 Wabelgiji wakaingia Tabora, na biashara ikaishia hapo.

Angalieni kitu kimoja. Sarafu nyingi za dhahabu za Ulaya za zama zile zilikuwa na sura ya mwenye nchi. Kroner 20 ya Denmark ya miaka ya 1870 ina kichwa cha mfalme Christian IX. Rupia ya fedha ya hapa ilikuwa na kichwa cha Kaisari, tena na kofia ya chuma. Ila hii ya dhahabu ya Tabora ina tembo na milima. Ndege wa dola ya Kijerumani yupo upande wa pili, lakini Kaisari mwenyewe hayupo. Dhahabu ya Iramba, mashine za reli zilizojengwa kwa jasho la watu wetu, mkono wa Msinhala, picha ya tembo wa kwetu. Kijerumani hapo ni nini zaidi ya amri?

Ndiyo maana siipendi sana tabia ya kuiita "dhahabu ya Mjerumani". Kwenye orodha za minada inaitwa sarafu ya Ujerumani, inapangwa jirani na Mark za Berlin na kroner za Denmark. Sawa, wao ndio wauzaji. Lakini sisi nasi tunarudia hivyo hivyo.

Sasa hoja yangu ni hii, na naomba mnisome polepole.

Ndani ya ile sarafu kuna gramu tano na nusu hivi za dhahabu safi, pungufu kidogo. Lakini mnunuzi wa Ulaya au Marekani anatoa dola elfu kadhaa, mara kadhaa ya thamani ya dhahabu iliyomo. Ile nyingine analipia nini? Analipia hadithi. Analipia manowari iliyojificha kwenye mikoko, karakana ya reli Tabora, koloni lililozingirwa. Ukiiondoa hadithi, inabaki pete ya kike. Na hadithi hiyo imetokea kwetu, imebebwa na mabega ya babu zetu, lakini inayeijua ni dalali wa Ulaya na tapeli wa hapa nchini. Katikati yao yupo kaka yangu, mzaliwa wa pale pale, haijui.

Utapeli wa "rupia" nchi hii umekuwa kama ugonjwa. Kila mkoa una mtu aliyeambiwa kuna mali ya Mjerumani chini ya mbuyu. Watu wanachimba usiku kwenye mahame na makaburi ya zamani, bila kibali, wanaharibu mabaki ambayo mtaalamu angeyasoma kama kitabu. Watu wanauza ng'ombe, mashamba, mashine za boti. Na sisi wasomi wa mjini tunacheka kwenye vijiwe: "washamba hao." Tunasahau kwamba tapeli hustawi pale ambapo ukweli haujafika. Mtu akijua kwamba heller za shaba zilipigwa kwa mamilioni na leo nyingi hazifikii hata bei ya sahani ya pilau, nani atamuuzia kwa laki tano? Mtu akijua sarafu ya tembo lazima iwe na gramu saba na kitu, mizani ya sonara inamwokoa kabla hajauza mashine. Shaba ya ukubwa ule ule haiwezi kufika hapo, inaishia nne na ushei. Ndivyo ilivyomtokea kaka yangu, isipokuwa mizani ilikuja baada ya mauzo.

Najua watakuja wa kuniambia: mwandishi, kule delta watu wana shida ya maji ya chumvi, ya zahanati, ya mafuriko, wewe unawaletea sarafu? Nawaelewa. Kaka yangu hawezi kupikia watoto historia. Lakini niambieni, kati ya shida zote hizo, ipi ilimnyang'anya boti yake? Siyo mafuriko. Ni kutojua kitu kilichotokea nyuma ya nyumba yake. Kutojua nako kuna bei, na yeye kailipa milioni mbili na laki nne taslimu.

Wengine watasema tudai zirudishwe. Mjadala wa kurudishwa vitu ni mzito na mimi nauunga mkono. Mifupa ya dinosaria wa Tendaguru bado ipo Berlin, na Novemba 2023 Rais Steinmeier alikwenda Songea akaomba radhi kwa yale ya Majimaji, kwa hiyo mlango umefunguliwa. Lakini sarafu hii ni suala jingine. Hela ilitoka ikatumika, ikauzwa na kununuliwa, ikazunguka dunia. Hatuhitaji kumpigia mtu magoti. Ipo sokoni. Bei yake ni kama bajaji moja, au mbili ikiwa safi sana. Halmashauri ngapi zimeshawahi kutumia fedha kama hizo kwenye semina ya siku mbili, na posho, na chupa za maji?

Kwa hiyo mimi napendekeza mambo matatu, tena madogo.

Kwanza, nakala. Siyo ya kudanganyia, nakala ya kufundishia, imeandikwa wazi kwamba ni nakala. Iwekwe shule za Salale na kata zote za delta, pamoja na bango la Kiswahili: hii ni nini, ilitengenezwaje, uzito wake ni kiasi gani, na heller ya kawaida ina thamani gani. Mtoto akirudi nyumbani atamfundisha baba yake. Ningependa sana kumwona tapeli akifungua simu mbele ya mtoto wa darasa la tano aliyeshika hiyo sarafu wiki iliyopita.

Pili, sauti. Waliokokota mizinga ya Königsberg wamekufa zamani. Lakini wajukuu wao wapo, wazee wa miaka sabini na themanini, na wengine wamesimuliwa. Hata mabaki ya meli yenyewe yalikuwa yakikatwakatwa kama chuma chakavu mpaka miaka ya 1960, kwa hiyo wapo walioyaona kwa macho yao. Waandishi wenzangu, tunakimbilia kila mkutano wa hoteli wenye bahasha. Nani ataenda Salale na kinasa sauti kabla hao wazee hawajaondoka? Majina ya mabaharia waliokufa yameandikwa. Majina ya waliobeba hayajaandikwa.

Tatu, kazi. Wapo wageni wanaotoka mbali kuja kuona mahali Königsberg ilipozama. Wanahitaji boti, wanahitaji mtu anayezijua njia za maji, na wanahitaji mtu wa kusimulia. Boti na njia za maji watu wa Salale wanazo. Hadithi ndiyo hawajapewa. Kijana anayejua kusimulia mambo ya Septemba 1914 mpaka Julai 1915 huku anaendesha boti kati ya mikoko hahitaji kutafuta dhahabu chini ya ardhi.

Narudi Kariakoo, nimalizie.

Siku ile tulipotoka kwa sonara tulikwenda kukaa mahali tukanywa chai. Kaka yangu haongei. Mimi ili nivunje ukimya nikamuuliza kama anajua jina Kariakoo limetoka wapi. Hakujua. Nikamweleza kwamba ni Kiingereza kilicholainishwa, Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika vita ile ile, ambamo watu wetu walikufa kwa makumi ya elfu, wengi kwa magonjwa na njaa, siyo kwa risasi. Hapa ndipo ilikuwa kambi yao.

Akaniangalia. Akasema, "Kwa hiyo hela ni Mjerumani, Kariakoo ni Mwingereza, na mimi nimepigwa na Mswahili mwenzangu."

Tukacheka, kwa mara ya kwanza siku ile. Halafu akasema kitu kingine. Akasema babu yake mzaa baba alikuwa akiwaambia kwamba baba yake yeye aliwahi kuvuta "chuma cha manowari" mpaka bega likapinda, na mpaka anakufa alikuwa akitembea upande. Walipokuwa watoto walikuwa wanamwigiza huyo mzee kwa kicheko, kutembea upande upande. Hakuna aliyewahi kuwaambia kile chuma kilikuwa nini.

Jamani. Mtu ana historia hiyo ndani ya nyumba yake, tena amewahi kuiigiza kwa mwili wake mwenyewe, halafu anakuja kuuziwa kipande bandia cha historia hiyo hiyo na mgeni.

Ile sarafu ya shaba hakutaka kuitupa. Ameniachia mimi, ipo hapa mezani ninapoandika. Tembo wake amechongwa vibaya, mkonga umekaa kama bomba la maji. Siku nikipata nafasi nitaipeleka Salale shuleni, niwaonyeshe watoto bandia inafananaje. Hiyo itakuwa nakala ya kwanza ya kufundishia, na imeshalipiwa.

Mashine ya boti bado hajapata. Tunachangishana kwenye ukoo, anayetaka kuongeza chochote ananijua. Na kama nyumbani kwenu kuna mzee mwenye habari ya manowari ya Rufiji au hela za Tabora, mkalie karibu leo jioni, mwulize, andika. Usisubiri mnada.

Mwasemaje, wadau?